Magitaa Meusi ya Ngana

Enzi zetu pale Ngana, mtoto alijulikana katoka nyumba gani kwa kuangaliwa vidole. Watoto wa wenye kakao walikuwa na utamu mikononi, nzi wakiwafuata mpaka darasani. Waliotoka ufukweni kuja kukaa kwa ndugu zao walinukia usipa, wale dagaa wa ziwani, hata siku ya Jumapili. Mimi nilikuwa na gundi kwenye kucha, kwa sababu baba yangu alikuwa fundi wa magitaa, na juu ya gundi kulikuwa na weusi wa tope usiotoka kwa sabuni, kwa sababu mama yangu alisuka mikeka. Jumatatu asubuhi mwalimu wa zamu alipita kwenye mstari akikagua kucha. Akifika kwangu anasimama.

"Wewe Tumpe, wewe ni binti au ni fundi baiskeli?"

Mstari mzima unacheka. Mimi sikuwa mtoto wa kujibu. Nilikunja vidole, nikaangalia chini, nikangoja apite.

Wa rika langu wanaosoma haya watakumbuka mengine bila mimi kuyasema yote. Fagio na kidumu cha maji kila asubuhi. Mvua ya Kyela inayonyesha wiki nzima bila kupumua, na jani la mgomba kichwani ndilo mwavuli. Tulifika shuleni tumelowa mpaka kwenye mifuko, tukakaukia darasani humo humo, mvuke ukitutoka mgongoni kama viazi vilivyoepuliwa. Leo namwona mtoto wa jirani ana koti la mvua lenye picha ya bata, na akipigwa na manyunyu mama yake anamfunga sweta na kumuuliza kama kichwa kinauma. Sisi kichwa hakikuulizwa. Tulikuwa tukivunja tunda la kakao kwenye jiwe, tukafyonza utando mweupe, tukatema mbegu kwenye kikapu ili mwenye shamba asikasirike. Jioni ni ndizi na maharage, na msimu wa mavuno ni wali mpya, ule ambao ukipikwa nyumba moja majirani watatu wanakumbuka kuwa walikuwa na salamu ya kukuletea.

Wenzangu walicheza rede barabarani. Mimi nilikaa kwenye karakana ya baba.

Ilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya nyumba. Baba alitengeneza magitaa ya kienyeji, yale ya kwaya na ya vijana wa bendi. Shingo aliichonga kwa mti mgumu, vijiti vya chuma vya kwenye shingo vilikuwa spoki za baiskeli, na nyuzi alizipata kwa kufumua waya wa breki. Lakini uso wa gitaa, ule ubao mwembamba wenye tundu, ulitaka mbao nyepesi inayoitika. Baba alitumia paini. Paini iliteremka kwa lori kutoka kwenye baridi ya Tukuyu, nyeupe, safi, ina harufu ya utomvu. Ikifika kwetu kwenye joto na unyevu, siku ya tatu au ya nne inaanza kuota bluu.

Aliyewahi kununua paini ya kujengea anaijua bluu hiyo. Si rangi ya mtu kupaka, inatoka ndani ya mti wenyewe. Inaanza pembeni kama kivuli, halafu inaingia katikati kwa michirizi, na randa haiwezi kuimaliza kwa sababu imezama. Mbao haijaoza. Ukiigonga inalia vizuri kama ile nyeupe. Lakini mteja akiiona anarudi nyuma.

"Fundi, hili gitaa lina ukurutu," mmoja alisema, na maneno hayo yakabaki kijijini miaka mingi. Kila gitaa lenye doa likawa gitaa lenye ukurutu.

Baba alihangaika. Alizianika mbao juani mpaka zikapasuka. Alizisugua kwa ndimu na chumvi, tukakosa ndimu ya samaki mwezi mzima. Alinunua dawa ya kufulia mashati meupe, akaimwaga yote. Karakana ikanuka mpaka kuku wakahama, na ubao ukatoka wa manjano, umeota manyoya, na bluu iko pale pale imekaa.

Mama alikuwa akimtazama kutoka kwenye mkeka wake. Alikuwa mtu wa maneno machache. Kwao ni ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi, lakini lugha ni ileile yetu, tofauti ni namna ya kuivuta tu. Alisuka mikeka ya ukindu yenye michoro myeusi, na weusi ule hakuununua dukani. Aliuchemsha ukindu kwa magome fulani ya kwao, halafu akaufukia kwenye tope jeusi la jaruba la mpunga. Ukitoka humo umekuwa mweusi kama manyoya ya kunguru, na hauchujuki hata ukilala nje kwenye mvua.

Siku ya dawa ya mashati aliweka ukindu chini akasema, "Baba Tumpe, wewe unapigana kuifanya nyeupe. Mimi ukindu wangu ukiwa na madoa siufanyi mweupe. Naufanya wote uwe mweusi, doa linakosa mahali pa kusimama."

Hivyo ndivyo yalivyoanza magitaa meusi ya Ngana. Baba alikata na kuunganisha, mama akaweka rangi. Aliifanya kazi hiyo asubuhi nikiwa shuleni, kwa hiyo mimi niliona mwanzo na mwisho tu. Nikitoka nyumbani ubao una michirizi ya bluu. Nikirudi mchana umekauka kivulini, mweusi wote, na mama anaupaka mawese kwa kitambaa mpaka unang'aa taratibu, si mng'ao wa kioo, ni kama wa ngozi ya mtu aliyeoga. Watu wakaanza kuja kutoka Ndandalo, kutoka Kyela mjini, kuna mmoja alitoka Mbeya. Walisema hata sauti yake ni nyeusi. Sijui walimaanisha nini, lakini baba alitikisa kichwa kama anayejua.

Siku moja mama na mimi tulikuwa jikoni tunamenya ndizi. Ukuta wa jiko ulipakana na karakana. Mteja aliuliza, "Fundi, hii rangi unaipata wapi?" Na baba akajibu kwa sauti yake ya biashara, "Hii nimeigundua mwenyewe. Ni siri yangu. Miaka mingi ya kujaribu."

Kisu cha mama kilisimama katikati ya ganda. Kisha kikaendelea.

Jioni, baba alipoketi kula, mama alimuuliza, "Umegundua nini?"

Baba alicheka. "Ah, mke wangu. Hayo ni maneno ya biashara. Mteja anataka kusikia fundi."

"Na mimi nataka kusikia nini?"

Baba alisema ndizi zimeiva vizuri.

Sikumbuki ugomvi baada ya hapo. Ningependa kuukumbuka, kwa sababu ugomvi mtu unaweza kuuelewa. Nakumbuka tu kwamba baba alianza kulia chakula chake karakana, akisema ana kazi nyingi, na mama alipaka mbao bila kuuliza ni za nani. Halafu ikaja habari kwamba bibi, mama yake mama, anaumwa. Mama alifunga nguo kwenye kanga. Mkeka aliuacha nusu, umeviringishwa ukutani.

"Bibi akipata nafuu narudi," aliniambia.

Nilikuwa darasa la tano. Mvua zilianza, tukapanda mpunga. Kulikuwa na jirani yetu, Mama Lusajo, aliyevusha sabuni na vitenge kila wiki mbili na kuwauzia watu wa kule. Yeye ndiye aliyekuwa akituletea habari. "Bibi yako kapona kabisa," alisema siku moja akitua mzigo. "Anatembea, anagombana na kuku wa watu." Nilifurahi, nikafagia uwanja wote. Wiki ikapita, na nyingine. Mama hakuja. Nilimsikia Mama Lusajo akimwambia baba, "Fundi, mfuate mke wako. Mwanamke anafuatwa." Baba akasema, "Njia anaijua." Hakusema kwa hasira. Alisema akiwa ameinamia msasa.

Gunia la magome yaliyotwangwa mama alikuwa ameliacha tupu, na mbao alizokwishapaka zikaisha. Baba akauza gitaa moja jeupe kwa bei ya kutupa.

Halafu akaja mwalimu wa kwaya. Alikuwa mtumishi wa serikali aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine, Kiswahili chake kimenyooka, akisema "tafadhali" hata kwa mbuzi aliyekaa njiani. Kwaya yake ilikuwa na mashindano baada ya mavuno, na alitaka gitaa kubwa la besi, jeusi, kama moja aliloliona mjini. Baba alikuwa na ubao mmoja tu wa kufaa kwa uso wa gitaa kubwa namna ile. Alikuwa ameuhifadhi juu ya dari la jiko miaka miwili. Ukiugonga kwa kidole ulijibu mpaka kifuani. Lakini katikati yake ulipita mchirizi wa bluu, mpana, wenye matawi, kama mto kwenye ramani ya darasani.

Baba alijaribu. "Mwalimu, hivi hivi pia unapendeza. Ni asili."

Mwalimu aliuinamia. "Fundi, tafadhali. Wanakwaya wangu watavaa nyeupe. Nikiwapa hili watasema nimewaletea mgonjwa."

"Basi jeusi," baba alisema. "Litakuwa tayari."

Mwalimu alipoondoka baba alilichukua lile gunia tupu, akalikung'uta, likatoa vumbi jekundu kidogo. Akalikunja vizuri kama nguo, akaliweka.

Mimi nilimwona. Na nikafikiri hivi: mama harudi kwa sababu huku hakuna kitu kinachokwenda sawa. Wateja wakiondoka na baba akiacha kazi, atarudia nini? Lakini gitaa likitoka jeusi, habari zitavuka mto kwa Mama Lusajo, na mama atajua nyumba yake ipo na inamngoja. Ilikuwa hesabu ya mtoto, lakini ndiyo niliyokuwa nayo, na sikuwa na mtu wa kumwonyesha.

Magome sikuwa nayo. Tope lilikuwepo. Nilikuwa nimemwona mama akifukia ukindu mara mia. Siku baba alipokwenda Bondeni kutafuta waya, niliuchukua ubao, nikaenda jarubani, nikachimba, nikaulaza humo, nikaufunika kwa tope jeusi na kuweka alama kwa kijiti. Nilihesabu siku tatu, kama ukindu. Baba alipoutafuta nikasema sijui. Hiyo ndiyo mara pekee niliyomdanganya.

Siku ya tatu nilifukua. Ubao ulikuwa umevimba na kupinda kama ungo. Haukuwa mweusi. Ulikuwa wa kijivu, kijivu cha miguu isiyopakwa mafuta, na bluu yake imekolea kuliko mwanzo. Niliuosha mtaroni, nikaukumbatia, nikarudi nao nyumbani nikilia bila sauti, maana hata kulia nilikuwa naona aibu.

Baba hakunipiga. Aliuchukua, akaugeuza, akaulaza kwenye meza ya kazi juu ya vijiti, akaweka mawe juu yake unyooke ukikauka. Alipomaliza kuweka jiwe la mwisho alisema, "Mama yako alikuwa anapaka. Alikuwa hafukii."

"Alikuwa anapaka nini kwanza, tata?"

Baba aliangalia jiwe. "Sijui," alisema.

Miaka yote ile ya kuuza, alikuwa hajawahi kumuuliza.

Wiki mbili ubao ulikaa chini ya mawe, ukanyooka kiasi cha kutosha. Mama Lusajo alikuwa anajiandaa na safari. Nikamwambia baba, kwa sauti ambayo nadhani aliisikia nusu, "Nikamuulize?"

Aliondoa mawe juu ya ubao, moja baada ya jingine.

"Kamuulize," alisema.

Hakusema kamlete. Lakini mimi ndicho nilichokisikia.

Tulitoka alfajiri. Mama Lusajo alibeba sabuni, mimi nikabeba ubao mgongoni umefungwa kwa kanga kama mtoto, na watu tuliokutana nao wakawa wananiuliza mtoto wangu ana umri gani. Mtoni tulipanda mtumbwi. Mwenye mtumbwi aliuliza ubao nao ni abiria au ni mzigo. "Ni mgonjwa," Mama Lusajo alisema, "unapelekwa kwa daktari wake." Walicheka mpaka mtumbwi ukayumba. Upande wa pili tulitembea mpaka jua likaanza kuegemea, tukamkuta mama amekaa chini ya kipaa cha nyumba ya bibi, anasuka.

Aliponiona alisimama, ukindu ukamwagika. Alinishika uso kwa mikono miwili. "Ugonile, mwanangu," alisema, tena na tena, kama vile salamu ilikuwa na sehemu nyingi. Halafu akaufungua ule mzigo.

"Nani kautesa huu?"

"Mimi."

"Uliuzika?"

Niliitika kwa kichwa.

"Siku ngapi?"

"Tatu."

Mama alicheka. Alicheka mpaka kanga ikamtoka begani, bibi akatoka ndani kuuliza nani kafa. "Mbao si ukindu, mwanangu! Ukindu unakunywa, mbao inazama!" Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo nyumbani kwetu kwa muda mrefu sana. Nikajua nimefanya vizuri kuja.

Kesho yake tulianza. Alinipeleka kwenye mti wenyewe, akanionyesha gome la upande gani linatolewa ili mti usife. Mti huo kwetu Ngana hauoti, na jina lake aliniambia nisimpe kila mtu, kwa hiyo sitaliandika hapa. Tulitwanga magome, tukayachemsha mpaka maji yakawa mekundu mazito. Ubao aliusugua kwanza kuondoa kijivu changu. Kisha akapaka maji yale kwa kitambaa, moto kidogo, akisukuma kufuata nyuzi za mbao, akaacha ukauke kivulini, akapaka tena, na tena mara ya tatu. Bluu ilikuwa bado inaonekana chini ya wekundu. Nilimwangalia.

"Subiri," alisema.

Alileta tope la jaruba, akalichuja kwa kitambaa kama anachuja togwa, likabaki laini kama uji. Akalipaka jembamba. Na hapo, mbele ya macho yangu, pale tope lilipokutana na maji ya gome, ubao ulianza kuwa mweusi. Weusi ulitambaa kama wino kwenye karatasi. Mchirizi wa bluu ulikuwepo, ukawa kivuli, halafu sikuweza tena kuonyesha kwa kidole ulikuwa wapi.

Siku iliyofuata alinipa kipande kingine cha mbao, akakunja mikono. "Sasa fanya wewe. Mimi ni mgeni tu, nimekuja kutazama." Nilikosea kuchuja, akanirudisha. Niliweka tope nene, akanirudisha. Mara ya tatu kikatoka cheusi, na alikigeuza juani kila upande akitafuta kosa, asilione. Kisha akanikalisha akaniambia nimsimulie kazi yote kutoka mwanzo, bila kuangalia kitu. Nikasimulia. Akasema rudia. Nikarudia. Akanifundisha magome yanatunzwaje yasiote ukungu, tope la mwezi gani ni zuri na la mwezi gani lina mchanga, na nifanye nini mbao ikikataa.

Nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilidhani ananipenda kwa kunifundisha, na ni kweli alikuwa ananipenda. Swali moja lilikaa mdomoni mwangu siku zote tatu, na kila nilipotaka kulitoa kulikuwa na kitu cha kupaka.

Asubuhi ya kuondoka alileta magome makavu, amefunga mafungu mafungu kwa kamba ya mgomba. Mafungu yalikuwa makubwa. Mama Lusajo aliyaona akashika kiuno. "Mwe! Huu ni mzigo wa mtoto au tunahama?"

"Atabeba," mama alisema. "Ana mgongo." Akanifunga ubao mweusi juu yake. Halafu akainama sikioni. "Wakikuuliza rangi ni ya nani, sema ni yako. Ukiona aibu, sema ni ya mama yako. Ya baba yako usiseme."

Alitusindikiza mpaka njia panda, akasimama. Nilipogeuka mara ya pili alikuwa bado amesimama. Mara ya tatu alikuwa amekwenda.

Tulifika Ngana jioni. Baba alitoka karakana, macho yake yakaenda nyuma yetu, barabarani, yakakaa huko kidogo. Akanitua mzigo. Aliuona ubao, akaupitishia kiganja. Kisha akayainua yale mafungu ya magome, akayapima kwa mkono mmoja, kisha kwa miwili.

"Ni mengi," alisema.

Akazunguka nyuma ya karakana, na chakula kikapoa kabla hajarudi. Hapo ndipo na mimi nilipoelewa. Mtu anayekuja wiki ijayo angenipa magome ya kutosha gitaa moja.

Gitaa la besi lilikamilika. Mwalimu wa kwaya alikuja kulichukua, akalipiga kidogo, akalikumbatia. "Fundi, mikono yako ina baraka. Rangi hii umeipataje?"

Nilikuwa mlangoni na bakuli la mawese. Baba alikuwa anafuta randa. Aliendelea kuifuta kwa muda, mahali ambapo palishakuwa safi.

"Sikuipata mimi," alisema. "Hii rangi ni ya mke wangu. Yote. Tangu mwanzo. Mimi ni wa mbao tu. Hili kalipaka akiwa na binti yake huyu."

"Basi nimsalimie mama, tafadhali, nimpe ahsante."

"Hayupo," baba alisema.

Tangu siku hiyo alimwambia kila mteja. Aliwaambia hata wasiouliza. Mtu kaja kubadilisha waya mmoja tu, anaambiwa rangi ni ya mke wa fundi, anajibu haya, ndaga fijo, ahsante sana, anaondoka akitikisa kichwa. Ikawa kichekesho cha kijiji. Mimi nilikuwa nikipaka pembeni, nikisikia, na nikingoja mtu ayavushe maneno yale. Mama Lusajo alikwenda na kurudi mara nyingi sana. Kila mwaka aliniletea magome kutoka kwa mama, na mimi nilimpa mchele ampelekee. Sikuwahi kumpa ile sentensi. Nilidhani si kazi yangu. Nilidhani baba mwenyewe atakwenda.

Sasa baba amekufa na karakana ni yangu. Nafanya kazi peke yangu, redio ikiwa imezimwa, kwa sababu mbao inatakiwa kusikilizwa unapoigonga. Wateja wangu wengi ni vijana, na vijana wa siku hizi wana mambo yao. Wengine wananunua magitaa ya kiwandani, yanayong'aa kama sahani, wakiyaleta kwangu baada ya mvua moja yakiwa yameachia gundi. Na waliobaki, ile bluu tuliyoificha miaka yote, wao wanaitafuta. "Dada, usipake. Acha hivyo hivyo, piga vanishi tu, ndiyo iko kwenye chati." Wanaligeuzageuza gitaa lenye ukurutu, wanalipiga picha. Nawapakia vanishi. Nawaangalia wakiondoka na michirizi yao ya bluu mabegani, na siwezi kusema hawapendezi. Ila mafungu ya magome yanakaa mpaka yanatobolewa na wadudu, na siku nikipaka gitaa jeusi, mara moja kwa msimu, hakuna wa kuniambia tope limekuwa nene.

Enzi zetu simu ilikuwa moja kwa nyumba kumi, na kupiga ng'ambo ilikuwa kupiga nchi nyingine. Leo natuma ujumbe na mama anaujibu kabla sijanawa mikono. Ana nyumba yake huko, ana watoto wengine wawili, wadogo zangu, wanaoniita dada. Tunaongea habari za mvua na bei ya mpunga. Mwaka jana, baada ya kuzunguka zunguka, nilimwambia. Nilimweleza siku ya mwalimu wa kwaya, randa, na maneno yenyewe kama baba alivyoyasema, kisha wateja wote waliofuata.

Nilisikia sufuria ikitua chini.

"Alisema hivyo? Mbele ya watu?"

"Ndiyo, juba, mama yangu. Miaka yote."

"Mbona hakuja kuniambia mimi?"

Kisha aliniuliza kama tumeshavuna, nikasema bado, tukaagana. Nilibaki nimekaa karakana na simu mkononi, nikiihesabu ile safari: kutoka alfajiri, mtumbwi mmoja, na kufika jua linapoanza kuegemea. Mimi niliimaliza nikiwa mtoto wa darasa la tano na ubao mgongoni. Baba aliishi miaka tisa baada ya siku ile, na miguu yake ilikuwa mizima.